Baba, Memed si jambazi wa kawaida

Adana, Uturuki

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Mama na wadogo zangu. Dhumuni lake ni kujibu lawama ulizonitumia kupitia kwa Kaka, kwamba nimekuja kusomea kilimo, nami nakesha nikisoma habari za majambazi.

Kitabu chenyewe kinaitwa İnce Memed, yaani Memed Mwembamba, nacho kilitoka mwaka 1955. Mtunzi wake, Yaşar Kemal, alizaliwa katika uwanda huuhuu wa pamba ninakoishi, akafiwa na baba akiwa bado mtoto mdogo, na kabla ya kuajiriwa gazetini alijipatia riziki kwa kuwaandikia wanakijiji wasiojua kusoma barua zao za malalamiko kwa wakubwa.

Hadithi inaanzia shambani, Baba. Memed, mvulana aliyefiwa na baba, analima kwa plau katika ardhi iliyojaa magugu ya mbaruti, ambayo miiba yake inamchana miguu mpaka inavuja damu, na akishavuna, theluthi mbili za mazao zinakwenda kwa Abdi Ağa, mwenye vijiji vitano. Huyo ndiye yule uliyetufundisha kumwita kabaila. Memed alipotoroka akarudishwa, Abdi Ağa alichukua robo tatu ya mavuno ya mwaka ule, na mama yake akaachiwa robo moja ya kuwavusha majira ya baridi. Wewe uliyebishana na mizani ya pamba miaka yote ile hutahitaji kuelezwa uzito wa robo hiyo.

Bunduki inaingia baadaye, Abdi Ağa anapotaka Hatçe, msichana anayependwa na Memed, aolewe na mpwa wake. Memed na Hatçe wanatoroka, mpwa huyo anauawa, Abdi Ağa anajeruhiwa, na Memed anakimbilia milima ya Taurus. Kurasa za kukimbizana na askari, kusema kweli, nilizipitia haraka. Lakini utafurahi kusikia kwamba huko milimani yupo Durdu, anayewavua wasafiri hadi nguo za ndani, na Memed anaachana naye kwa aibu. Kwa hiyo hata mtunzi hamtetei kila mwenye bunduki.

Kilichonishika mimi, mwanafunzi wa kilimo, ni magugu. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini watu waumie namna ile, ilhali kiberiti kimoja kingetosha. Kisha nikafika mahali Memed anapotaka ardhi igawiwe wanakijiji, na papo hapo anataka magugu yachomwe kabla ya plau kupita. Nani angehangaika kusafisha shamba la Abdi Ağa? Mwishoni Hatçe ameuawa na askari, Memed anamuua Abdi Ağa na kutoweka, na tangu hapo kila mwaka kijiji kinawasha moto shambani kabla ya kulima.

Ukikubali, nitakutafsiria sura ya kwanza, niwe naituma kidogo kidogo, Kaka akusomee jioni.

Mwanao akupendaye