Wauzaji wa mashine za mtumba, acheni kupaka rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Mimi ni fundi wa kuchonga vyuma na ugonjwa wangu ni mashine za zamani, lezi (zile zinazozungusha chuma huku kisu kikikichonga), drili za kusimama, jiliwa, chochote kilichosahaulika nyuma ya karakana na mwenyewe anataka kimtoke. Wauzaji nawaomba jamani, uzeni na uchafu wake. Hiyo rangi mpya mnayopaka ndo inatuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nilinunua lezi moja imepakwa kijani inang'aa kama ya jana. Nimefika nayo, nikapitisha kitambaa chenye thina, rangi ikavuka na gundi ikavuka nayo, chini kuna ufa kwenye mguu unaweza kuingiza ukucha. Chuma cha kusubu hakipindi kikianguka, kinapasuka tu, na aliyeiangusha alijua kabisa alichofanya.

Ingekuwa kutu nisingelalamika maana kutu inatoka. Chukua beseni la plastiki, maji, magadi ya kufulia, chaja ya betri ya gari, hasi kwenye kifaa chako na chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida (stenlesi hapana, inatoa sumu), vyuma viwili visigusane, na fanya nje mbali na moto sababu inatoa haidrojeni. Kesho yake unasugua na brashi kutu inadondoka yenyewe.

Isiyotoka ni kulika kwa reli za kitanda, yaani ule mwili mrefu wa lezi. Hii ipime kabla hujatoa hela: sukuma kigari kinachobeba kisu hadi karibu na chaki, kile kichwa kinachobana chuma na kukizungusha, pale ndo kazi nyingi hufanyika kwa hiyo ndo panapolika, kaza skrubu zake za pembeni mpaka kisicheze, halafu kirudishe taratibu kuelekea mwisho wa kitanda. Kikianza kugoma, reli zimeliwa. Na tafadhali usije ukazipiga grenda ziwe nzuri, nimeona mtu kafanya hivyo, nilitaka kulia.

Halafu kuna lile debe la gia. Lezi nyingi za zamani za Uingereza na Marekani skrubu yake ndefu inayovuta kigari ni ya inchi, sasa ukitaka kuchonga thredi (meno ya skrubu) za milimita sawasawa unahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi ni milimita 25.4 na mara tano ndo inakuja 127. Ukiangalia hiyo gia utadhani takataka, kubwa, nyembamba, haifungwi popote kwenye mashine siku za kawaida. Nikampigia aliyeniuzia, kaka samahani, haikuwa na gia zingine za kubadilisha? Akacheka. Akasema zilikuwepo, debe zima, limejaa grisi na vumbi, alilipeleka kwa wa vyuma chakavu ili banda lipendeze kabla sijafika kuangalia.

Yaani rangi alikumbuka kununua, gia akauza kwa kilo.

Ufa nimeufungia bamba na bolti nne, hautikisiki. Gia bado natafuta, na nikikuta debe chafu popote nainama naanza kuhesabu meno.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa lezi ya kijani