Tundu dogo, bei kubwa: tunachofanya tukiziba boti ya mpira

Ndugu wateja, wiki hii mmoja wenu ametoka karakana yetu hapa Mtwara akisema tumempiga. Tundu la sentimita moja, bei ile, na boti ikae siku tatu! Si wa kwanza kulalamika, kwa hiyo tueleze kazi yenyewe.

Boti hiyo ni ya PVC, yaani plastiki laini, na ilikuja ikiwa na kiraka cha solusheni ya baiskeli. Mafuta yanayolainisha PVC hupenya kwenye solusheni ile na kuigeuza ulimbo. Boti ikiwa imetulia ufukweni, kiraka kinaonekana kimeshika. Ipeleke Ruvuma, mto ambao miamba yake ilimrudisha mvumbuzi Livingstone mwaka 1862, ijikunje juu ya jiwe ikiwa na watu: kiraka kinateleza na chemba, yaani chumba cha hewa, inaisha upepo katikati ya maji ya kasi.

Kuondoa ulimbo huo ndiko kulikokula hela. Unapasha joto, unakwangua polepole, unafuta kwa asetoni. Ukifanya pupa unafika kwenye nyuzi za kitambaa kilicho ndani ya PVC, na tundu dogo linadai kiraka kipana.

Gundi ya PVC ni ya poliyurethani. Boti za Hypalon, ambayo ni aina ya mpira, zinataka ya neoprini. Ukizibadilisha, hakuna inayoshika. Kiraka tunakikata pembe za mviringo, kizidi tundu sentimita 5 kila upande. Gundi ikishachanganywa na kigumisho chake haina kesho, kwa hiyo hata tundu la sindano linachanganyiwa upya na inayobaki inatupwa. Tunapaka mkono mwembamba wa gundi, unakauka, tunapaka wa pili. Ukinata kidoleni bila kuacha gundi tunabandika, kisha tunasukuma rola kutoka katikati kwenda pembeni hewa yote itoke. Saa 24 boti haiguswi; upepo kamili ni baada ya saa 72. Mvua ikinyesha hatubandiki kabisa. Unyevu wa pwani ukitua juu ya gundi mbichi, kiraka kitabanduka tu, na lawama zitakuja kwetu.

Tena tunawasihi, acheni kompresa ya gereji. Boti ya mtoni inataka psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 2 hadi 2.5, tairi la gari dogo ni kama 30. Boti moja iliyojazwa hivyo ilitufikia nje nzima, ndani ukuta unaotenganisha chemba umechanika; kuufikia ni kufungua mrija wa hewa wenyewe, kazi ghali kuliko viraka kadhaa. Tumieni pampu ya mguu na geji. Boti ikianikwa juani punguzeni upepo, muongeze ikiingia majini, maana maji yanapoza hewa na boti inalegea.

Ukihisi inavuja, paka maji ya sabuni, zungushia kalamu panapotoa povu, uilete hivyo hivyo. Isiyoguswa na gundi nyingine ndiyo tunayoitoza bei ya chini.