Achia Vijiti

Rubani mwenzangu,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata, na uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Nilitaka kwanza niwe na la kukusimulia. Uliuliza kama ni kweli klabu imeanza kurusha ndege zetu ndogo za rimoti usiku au ni maneno tu ya watu. Ni kweli. Jumamosi iliyopita nilirusha kwa mara ya kwanza, na gurudumu la kushoto la ndege yangu mpaka leo limo humo humo kwenye nyasi za uwanja.

Nianze na raha yake, maana nisipoitaja sasa utadhani nakutisha. Jua likishazama, upepo hulala. Ule upepo wa mchana unaotuyumbisha tukitaka kutua, huusikii tena. Ndege inakaa hewani kama imewekwa juu ya meza. Mwenzetu mmoja ana ndege ya foamu nyeupe, kaipitishia taa ndani kwa ndani, kiwiliwili na mabawa. Ilipotupitia mbele ilikuwa kama kandili limeamua kujiendea zake. Watu wazima wote kimya.

Kabla ya hapo tulikaa karibu nusu saa bila kufanya lolote, tunangoja macho yazoee giza. Mimi niliona mbwembwe. Kumbe macho yanahitaji dakika 20 hadi 30, na mtu mmoja akiwasha taa za gari mnaanza upya. Na aliwasha mtu. Alipewa maneno yake, sitayarudia hapa. Sasa kila mmoja anakuja na tochi yenye mwanga mwekundu, na kioo cha rimoti tumekipunguza mpaka kinasomeka kwa shida.

Haya, kosa langu. Ndege ile ile ya kujifunzia unayoijua, ya bawa la juu. Nilibandika utepe wa taa nyeupe juu ya bawa, na utepe mwingine kama huo huo chini. Nilijiona fundi. Iliruka vizuri, nikaipeleka mwisho wa uwanja, nikaigeuza. Hapo ndipo nilipopotea. Nilichokiona ni mstari mweupe tu, umeinamia upande wangu wa kulia. Nikadhani inaondoka, nikasukuma kijiti cha rimoti kushoto niinyooshe. Ikazidi kuinama. Nikasukuma zaidi, ikazidi zaidi. Ilikuwa inanijia! Bawa lililoinama ni lake la kushoto, na mimi ndiye niliyekuwa nalikandamiza chini.

Mzee mmoja wa klabu alikuwa amesimama nyuma ya bega langu (usiku harushi mtu peke yake, lazima awepo wa kukuangalizia). Hakupiga kelele. Alisema, "Punguza moto. Achia vijiti." Nikaachia. Unakumbuka yale mabawa yake yalivyoinuka kidogo ncha zake? Kazi yake ndiyo hiyo. Ikayumba mara mbili, ikajinyoosha yenyewe, ikatupita juu ya vichwa. Ingekuwa ile yako ya bawa la katikati, isiyojinyoosha yenyewe, leo ningekuwa nakuandikia habari za msiba.

Kutua nako kulikuwa na mambo yake. Tulipanga taa ndogo pande zote mbili za njia, nikadhani zitatosha. Lakini gizani jicho halina cha kupimia umbali. Taa za ndege unaziona, ardhi huioni. Niliamini magurudumu yameshagusa nyasi, nikazima mota, kumbe ndege iko usawa wa kiuno changu. Ilidondoka kama embe bivu.

Ndiyo maana nakuomba, kabla hujabandika utepe wowote kwenye ndege yako, unisikilize. Najua utakachokifanya: utaweka nyekundu ncha ya kushoto na kijani ncha ya kulia kama ndege kubwa, halafu uone umemaliza. Mimi mwenyewe nilidhani hilo lingeniokoa. Lakini hebu kaa na penseli uchore. Ndege inayoondoka, imekaa sawa, unaiona nyekundu kushoto na kijani kulia. Sasa ichore inakujia, lakini imelala chali. Nyekundu iko wapi? Kushoto. Picha ni moja, na maana zake zinapingana kabisa. Kwa hiyo lazima tumbo liwe na rangi yake pekee, mgongo nao uwe na yake, na mkiani uweke taa isiyoonekana ukiwa mbele. Mimi nimeacha nyeupe juu, chini nimeweka buluu. Na utepe upite urefu wote wa bawa, usiweke nukta mbili tu kwenye ncha. Ndege ikienda mbali nukta zinaungana zinakuwa moja, na taa moja gizani ukiikodolea macho huonekana kama inatembea hata ikiwa imesimama tuli.

Umeme wake si kazi. Utepe wa volti 12 unawaka vizuri kwa betri ya seli tatu, na unaukata pale penye alama tu. Wengine wanachukua umeme kwenye betri ya mota. Mimi sipendi: mota ikivuta kwa nguvu taa zinafifia, na waya ukichomoka hapo unapoteza vyote. Nimeweka kabetri kadogo ka peke yake. Ila taa za mkiani ni nyepesi mkononi tu. Ziko mbali na kitovu cha uzito, kwa hiyo pima mizani upya, usiniambie "gramu kumi zitafanya nini". Irushe mchana ikiwa na taa zote, kisha jioni magharibi inapoingia, ndipo usiku. Na nyaya ziwe mbali na antena ya kipokeo, kile kinachopokea amri za rimoti. Pima rimoti inafika umbali gani taa zikiwa zinawaka.

Beba kitambaa kikavu pia. Umande unashuka mapema kuliko unavyodhani. Niliporudi nyumbani bawa lilikuwa limelowa kama limeoshwa.

Jumamosi ijayo tunakutana tena. Njoo na chuma chako cha kulehemu, changu kimechoka, na waya wa buluu umeshaachia mara mbili. Ukiwahi kufika kabla yangu na bado kuna mwanga, tupia macho nyasi za mwisho wa njia, upande wa uzio. Gurudumu ni jeusi, dogo kama kizibo cha chupa.

Wako,
rubani wa gurudumu moja