Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Maziwa tulikusanya vizuri, isipokuwa wakati wa masika barabara ilipokatika. Mimi nataka tuzungumzie jambo lililozua maneno mengi: kwa nini kamati iliamua kufukia shehena ya pumba za mahindi za kulishia ng'ombe badala ya kuwauzia kwa bei chee.

Shehena ile ilipokelewa mbichi-mbichi, magunia yakalazwa sakafuni, yakaegemea ukuta. Tulipofungua ya chini, pumba zilikuwa zimeshikana mabonge, za moto ukiingiza mkono, na kila bonge ukilivunja ndani lina ukungu wa kijani. Ukungu wa namna hiyo ndio hutengeneza sumukuvu.

Wapo waliosema tuanike. Jua hukausha pumba, sumu inabaki. Wengine wakasema tuchanganye na nzuri. Hapo tungeharibu na hizo nzuri. Ng'ombe mkubwa hafi siku hiyo, ndiyo maana tunajidanganya. Anapungua maziwa, anakonda, na ini lake hugeuza sehemu ya sumu na kuipitisha kwenye maziwa ndani ya siku moja hivi. Kuchemsha hakuiondoi. Na anayekunywa kwanza ni mtoto wa nyumbani kwako, kabla hata ya mteja. Afadhali tu kwamba ukimbadilishia chakula, baada ya siku chache maziwa husafika.

Sumu hii iligundulika kupitia chakula cha mifugo: mwaka 1960, Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta, yaliyokuwa na sumu hiyo. Huku kwetu, mwaka 2016, watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Tangu hapo tunachambua sana mahindi ya ugali, kisha yale mabovu tunayapeleka mashineni yakasagwe kwa ajili ya ng'ombe! Tabia hiyo kamati haitaivumilia tena ghalani.

Sasa magunia yanakaa juu ya chaga, mbali na ukuta, na mzigo wenye unyevu unaozidi asilimia 13 unarudi na gari lililouleta. Hata hivyo macho hayatoshi, maana pumba safi kwa kuangalia yaweza kuwa na sumu. Kwa hiyo naomba mkutano upitishe nyongeza ndogo ya ada, ili kila shehena ya pumba na mashudu ya pamba ichukuliwe sampuli kwenda maabara kabla ya kushushwa.