Madiwani watuandikie kila mwezi walichofanya na kilichowashinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi ya diwani baada ya kampeni kwisha na mabango kubanduliwa. Nitatumia mfano wa mji ninaoishi, Bristol, magharibi mwa Uingereza.

Mei 2024 wakazi wa Bristol walichagua madiwani 70. Chama cha Kijani kilipata 34, Labour 21, Liberal Democrats 8 na Conservative 7. Kijani huku ni chama cha mazingira, kwa hiyo msomaji wa Tanzania asikichanganye na rangi ya chama tawala cha nyumbani. Ni diwani wa chama hicho, Carla Denyer, aliyepeleka hoja barazani Novemba 2018 mji utangaze hali ya dharura ya tabianchi, na leo yeye ni mbunge.

Kilichoambatana na uchaguzi ule kina uzito pia. Kwa kura ya maoni ya Mei 2022, wananchi walikuwa wameamua kuachana na meya wa kuchaguliwa moja kwa moja, na ilipofika Mei 2024 madaraka yakarudi kwenye kamati za madiwani: usafiri, nyumba, mazingira, afya ya jamii na nyinginezo. Anayezijua halmashauri zetu, na ile Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, hatapata taabu kuuelewa utaratibu huo. Wakijani walipungukiwa viti viwili kufikia wingi wa kuamua peke yao, kwa hiyo hawana budi kuwashawishi wenzao mezani. Tena chama chao hakiwalazimishi madiwani wake kupiga kura upande mmoja. Kila mmoja anabeba kura yake, na mwananchi ana haki ya kumuuliza kwa nini aliipiga hivyo.

Majibu ya swali hilo ndiyo ninayoyapata kila mwezi. Madiwani wa kata yangu hutuandikia taarifa fupi, ukurasa mmoja au miwili, inayokuja kwa barua pepe. Wanaeleza vikao walivyohudhuria, walichounga mkono na walichokataa, na malalamiko ya wakazi yamefikia wapi. Vikao vyenyewe hurushwa mubashara kwenye intaneti, na mkazi yeyote anaweza kupeleka swali kwa maandishi kabla ya kikao na likajibiwa hadharani. Lakini nani ana saa tatu za kutazama kamati ya usafiri akitoka zamu ya usiku? Ukurasa ule mmoja unasomeka kwenye basi.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Jumamosi moja kila mwezi diwani hukaa kwenye meza ya maktaba kusikiliza watu. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikuwa na simu iliyojaa picha za ukungu mweusi ukutani, juu ya kitanda cha mtoto, katika nyumba ya kupanga ya mtu binafsi. Diwani hakumwahidi lolote. Alimwuliza alimwandikia mwenye nyumba lini, akanakili tarehe kwenye daftari, akamwambia atalipeleka kwa maafisa wanaokagua nyumba za kupangisha. Taarifa ya mwezi uliofuata, bila kutaja jina la mtu wala mtaa, ilikuwa na mstari huu: ukungu, nyumba ya kupanga, mkaguzi amefika, ukarabati bado. Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nimwamini diwani yule.

Sisemi kila kitu Bristol ni shwari. Barton Hill, mtaa wenye Wasomali wengi, uliingizwa kwenye mpango wa kupunguza magari yanayokatiza mitaa ya makazi ya mashariki mwa mji. Mpango ulianza kabla ya Wakijani kushika uongozi, lakini utekelezaji uliwaangukia wao. Wakazi walisimama mbele ya mafundi kuwazuia, na Machi 2025 vizuizi vikaja kuwekwa usiku wa manane, polisi wakiwepo. Mimi naunga mkono hewa safi na watoto kucheza nje bila hofu ya magari. Hata hivyo, kuja na polisi saa tisa usiku katika mtaa wa watu ambao wengi wao walikimbia vita kuliniumiza sana. Mwezi kama huo ndio diwani anapaswa kuandika kwa urefu zaidi ya miezi yote, kwa lugha ambazo wakazi wanazielewa, aeleze nani aliamua, kwa nini usiku, na yeye mwenyewe alisimama wapi.

Kelele za wananchi zinasikika pia, zikiwa na pa kupokelewa. Mwanzoni mwa 2025 lilipotolewa wazo la kuzoa taka za pipa jeusi, yaani zile zisizorejelewa, mara moja kila wiki nne badala ya wiki mbili, watu walilipinga vikali, na wazo la wiki nne likaondolewa.

Sasa nigeukie nyumbani. Ndugu Mhariri, diwani wetu anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, na Mtendaji wa Kata ndiye katibu. Kila robo mwaka taarifa za kata husomwa kwenye Baraza la Madiwani. Kwa hiyo taarifa zipo, zimeandikwa, zimepigwa muhuri. Zinaishia kwenye makabrasha, na mama lishe ambaye mtaro mbele ya kibanda chake umeziba tangu masika hajui kama suala lake lilisomwa au halikusomwa. Hatudai fedha mpya hapo. Karatasi moja kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, na picha ya karatasi hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, inatosha kuanzia. Kwa wasiosoma, mwenyekiti wa mtaa aisome kwenye mkutano.

Wapo watakaosema diwani wetu hana mshahara wa kumwezesha kukaa kuandika. Posho ni ndogo, ni kweli, na hilo nalo liandikwe kwenye taarifa. Lakini asiyeweza kujaza ukurasa mmoja kwa siku thelathini za kazi, tumwulize alikuwa anafanya nini.

Ombi langu kwa gazeti lako ni hili. Tengeni nafasi mara moja kwa mwezi, muwaalike madiwani wa kata mbalimbali, wa vyama vyote, kila mmoja aandike maneno mia tatu: nilichoombwa, nilichofanya, kilichonishinda. Atakayekataa mwaliko, chapisheni jina la kata yake na nafasi iliyo wazi chini yake.

Msomaji wenu,
Bristol, Uingereza