Mhariri, twende tukapande baiskeli kwenye tuta la reli ya karanga

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama we ni mkubwa kwangu, na kama tuko rika moja basi habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Nachingwea, nina miaka kumi na kitu niko huku Maryland, Marekani, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee na gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila asubuhi nikiwa kwenye basi la kurudi nyumbani. Leo naomba nafasi niseme kuhusu ile reli yetu ya kusini mwa Tanzania, ile ya karanga iliyong'olewa zamani likabaki tuta, maana kuna kitu nimekiona huku na kila nikipanda baiskeli kinanirudisha kule kwetu.

Huku kuna njia ya baiskeli inatoka Washington DC mpaka Pittsburgh, zaidi ya kilomita 530, na ukiacha pale inapokatiza barabara hukutani na gari. Sio lami, ni changarawe na udongo. Nusu ya kwanza inafuata mto Potomac, unapita juu ya ukingo ambao zamani nyumbu walikuwa wanatembea wakivuta mashua kwenye mfereji, na huo mfereji ulianza kuchimbwa 1828, ukafika mji wa Cumberland 1850, ukaja kufa 1924 baada ya mafuriko. Kuanzia Cumberland sasa ndo unaingia kwenye reli ya zamani. Vyuma viling'olewa, mataruma, yale magogo ya kulalia vyuma, yakatolewa, likabaki tuta, wakamwaga mawe ya chokaa yaliyosagwa wakashindilia, na hawakufanya kwa mara moja, walianza na kipande kidogo mwaka 1986 wakaunga na kingine na kingine, mpaka 2013 ndo njia ikafika katikati ya Pittsburgh.

Kitu ambacho mtu asiyepanda baiskeli anaweza asikijue ni kwamba treni haipendi mlima. Waliojenga reli walikata vilima, wakajaza mabonde, wakatoboa mahandaki, ili mradi treni lisichoke, na kazi yote ile sasa anaifaidi mwenye baiskeli. Kutoka Cumberland unapanda zaidi ya mita 500 kwenda juu lakini mwinuko umetandazwa kwenye kilomita kama 38, hauzidi mita 2 kwa kila mita 100, unakaa kwenye gia moja unakanyaga tu pole pole unaongea na mwenzio. Mara ya kwanza nilipopanda pale nilipitwa na bibi mmoja mvi kichwa kizima, mabegi pande zote mbili za keria, akanisalimia akaenda zake. Karibu na kileleni unaingia handaki la Big Savage, kama kilomita nzima ndani ya mlima, na msimu wa baridi kali wanalifunga kwa milango ili barafu isije ikapasua kuta.

Ila handaki lililonigusa mimi ni lile la Paw Paw, upande wa mfereji. Lilichukua miaka 14 kulijenga, hamna taa, unashuka kwenye baiskeli unaikokota, mkono mmoja kwenye usukani mwingine kwenye uzio wa mbao, maji yanadondoka juu ya kofia tone tone na chini kulia kwako mfereji mweusi umetulia. Niliwasha tochi nikaona matofali, mamilioni ya matofali yamepangwa kwa mkono, nikawa nawaza wale vibarua, halafu nikamuwaza babu yangu, kwa sababu na yeye aliwahi kuwa kibarua wa reli, alikuwa anabeba mataruma.

Vijana wengi hawajui kwamba kusini tulikuwa na reli. Waingereza walileta mradi wa karanga mwaka 1947, Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea, wakajenga reli na bandari ya Mtwara kwa ajili hiyo, karanga zenyewe zikagoma, 1951 mradi ukafutwa. Reli ikaendelea kusuasua hadi 1962 ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Lakini tuta hawakuondoka nalo! Mi nimekua natembea juu ya kipande cha lile tuta kwenda kuchota maji, wakati wa masika huku na huku matope mpaka magotini ila ukishapanda juu ya tuta miguu mikavu, sisi watoto tulikuwa tunaliita barabara ya babu.

Sasa kwanini naandika. Mwaka juzi binamu yangu aligongwa na lori usiku, alikuwa anarudi na baiskeli na gunia la mkaa nyuma, barabara ya lami nyembamba haina pembeni pa kukimbilia, lori halikusimama. Ameacha watoto watatu. Mhariri, kule kwetu baiskeli ndo gari letu, inabeba maji, mkaa, korosho, mgonjwa, bibi harusi, na kila barabara inapowekwa lami magari yanaongeza spidi na mwenye baiskeli anasukumwa kwenye majani. Tunashangilia lami, na mimi naishangilia, lakini hakuna anayeuliza mwenye baiskeli apite wapi. Wakati njia tambarare ilishajengwa, kwa jasho la wazee wetu, imelala porini. Naomba lile tuta tulifanye njia ya baiskeli.

Najua kuna sehemu watu wameshalima na wengine wamejenga juu ya lile tuta, siombi mtu afukuzwe, njia inaweza ikawazunguka. Najua pia watasema subiri reli mpya, maana reli ya Mtwara mpaka Mbamba Bay tumeisikia miaka mingi. Hilo nalo huku walishalitafutia dawa. Mwaka 1983 walipitisha sheria kwamba reli ikifungwa, ardhi yake inaweza kubaki kipande kimoja bila kukatwakatwa, watu wapite kwa miguu na baiskeli, na siku treni likihitajika tena ardhi ipo. Yaani njia ya baiskeli ndo inakuwa mlinzi wa ardhi ya reli. Sisi bila mlinzi tunakuja kushtuka pameuzwa.

Na asiniambie mtu haya ni mambo ya wazungu. Mashindano ya baiskeli za changarawe, yaani ya barabara zisizo na lami, yapo Maasai Mara, Kenya, tangu 2021, na marehemu Sule Kangangi, Mkenya, alifia kwenye mashindano ya aina hiyo Vermont huku Marekani Agosti 2022, akiwa nahodha wa Timu Amani, timu ya wapanda baiskeli wa Afrika Mashariki. Watu wetu wameshautolea uhai huu mchezo. Lakini mi hata sisemei mashindano, nasemea mama anayetoka na ndoo zake mbili za samaki kwenye keria afike sokoni mzima, halafu huyo mtalii akija na baiskeli yake ya tairi nene atanunua chai na chapati kwa mama huyo huyo, kama ambavyo ile miji midogo ya njiani huku, ambayo makaa ya mawe na treni vilishaikimbia, sasa inauza kahawa na vyumba vya kulala kwa wapanda baiskeli.

Pesa? Tuanze na kipande kimoja. Kilomita kumi, moramu, kalavati zilizobomoka zizibuliwe, mashimo yajazwe. Kazi ya halmashauri na vijana wa vijiji, haihitaji mkandarasi kutoka nje.

Kuna jambo la mwisho ndo limenifanya nikuandikie wewe badala ya kuandika kwa mkurugenzi. Ile njia ya Potomac ilikuwa nusura iwe barabara ya magari. Januari 1954 gazeti la Washington Post liliandika kuunga mkono barabara ijengwe, jaji mmoja wa Mahakama ya Juu ya Marekani, William O. Douglas, akawaandikia barua, barua ya msomaji kama hii yangu, akamwambia mhariri chukua likizo twende tutembee wote kwa miguu urefu wote wa mfereji, uone mwenyewe ndo uandike. Na kweli walienda! Machi mwaka ule ule walitembea kutoka Cumberland kurudi Washington, gazeti likalegeza msimamo wake, barabara haikujengwa, na 1971 ikawa hifadhi ya taifa.

Mi si jaji. Lakini Julai nakuja likizo, kiangazi, ardhi imekauka, na nimepanga kutoka Nachingwea kufuata tuta kuelekea Mtwara nione limebaki wapi na limekatika wapi. Nakualika Mhariri, wewe mwenyewe au mwandishi wako yeyote. Baiskeli nitakutafutia pale sokoni, Phoenix yenye keria imara, pampu na viraka ninavyo, maji nitabeba mimi.

Mzaliwa wa Nachingwea,
Maryland, Marekani