Ukishampa wa mkokoteni, taka bado ni zako

Mhariri,

Nina gereji ndogo hapa Mombasa tangu 2009, naomba nafasi niseme na wenzangu wa biashara.

Juzi kijana wa mkokoteni kanichukulia magunia mawili ya filta na matambara ya oili, nikampa mia mbili nikajua yamekwisha. Jioni napita mtaa wa nyuma nayaona yale yale mtaroni, moja lishapasuka na risiti za gereji yangu zinaning'inia nje, aibu niliyoona siwezi kuieleza. Nikayarudisha mwenyewe kwa tuktuk.

Nilipomlalamikia jirani anayejua sheria akanicheka. Kumbe kanuni za taka za 2006 zinasema wewe uliyezitoa ndiye unayehakikisha zimechukuliwa na mtu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na zimefika panapokubaliwa, kwa hiyo "mimi nilishalipa" haikuokoi. Halafu ile sheria ya taka ya 2022 inataka biashara itenganishe, zinazooza kivyake na zisizooza kivyake. Mikahawa yetu ndio usiseme, chupa, mifupa na maganda ya ndizi gunia moja!

Lakini kinachoniuma zaidi ni betri. Tunauza betri mbovu kwa watu wa skrepa na hatuulizi zinakwenda wapi. Mtaa wa Owino Uhuru, hapa hapa Mikindani, kiwanda kilikuwa kinayeyusha betri kuukuu kutoa madini ya risasi, ambayo ni sumu, karibu na nyumba za watu, kuanzia 2007 hadi 2014, watoto wakaathirika, na kesi ilipoamuliwa 2020 wakazi wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, NEMA wenyewe wakabebeshwa sehemu ya malipo. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Betri zile zilitoka wapi kama si kwa watu kama sisi? Zangu za miaka ile nilimuuzia wa skrepa, zilifika huko au la, sijui na sikuwahi kuuliza.

Sasa ombi kwa kaunti na NEMA. Wenye leseni wengi hawataki kusimama gereji ya mtu mmoja kwa mtungi mmoja wa oili chafu, wanataka lori lijae. Tuwekeeni siku moja kwa mwezi na mahali pa kupeleka, na orodha ya wenye leseni ibandikwe pale tunapolipia leseni za biashara. Mimi hapa nina betri 13 stoo, sizitoi mpaka nione karatasi ya anayezichukua.

Mwenye gereji,
Changamwe, Mombasa